Tatizo liko wapi? Historia fupi ya kumtafuta mchawi wa Wi-Fi ya nyumbani

Mwaka jana nilikuwa nakaa nyumba moja na wenzangu watatu. Tunachangia kodi, tunachangia umeme, tunachangia na intaneti. Jumatatu moja jioni dada mmoja kati yetu akafungua laptopu yake kujiandaa na usaili wa kazi kwa njia ya video, usaili wenyewe ni Jumatano. Wi-Fi imeshika, mistari imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Tukafanya kile ambacho kila nyumba hufanya. Tukazima rauta, tukahesabu hadi kumi, tukawasha. Wapi! Kesho yake fundi akaitwa. Akaigeuza rauta, akaigusagusa waya za nyuma, akasema, "Hii imechoka, dada. Nunueni nyingine." Shilingi elfu tisini ikatoka. Rauta mpya ikafungwa, taa zote zikawaka kijani, na ukurasa bado haukufunguka.

Kumbe tatizo lilikuwa ndani ya laptopu. Asubuhi ya Jumatatu ile ile, kwenye ofisi aliyokuwa anajitolea, aliambiwa abandike namba fulani kwenye mipangilio ya mtandao ili aweze kuingia kwenye mfumo wao. Namba ile ilikuwa na maana ndani ya ofisi ile tu. Nyumbani ilikuwa sawa na kumuuliza njia mtu ambaye hayupo.

Kinachoniuma ni kwamba mmoja wetu angewasha Wi-Fi kwenye simu yake, tungejua ndani ya nusu dakika kwamba rauta ni nzima. Hakuna aliyewasha. Mtandao ulipoonekana umekufa, wote tulihamia kwenye bando. Elfu tisini haikupotea kwa sababu hatukusoma kompyuta. Ilipotea kwa sababu tulianza na swali "tufanye nini?" kabla ya swali "tatizo liko wapi?"

Nilipoanza kusoma historia ya mtandao niligundua kwamba swali hilo la pili si la nyumbani kwetu tu. Ni la zamani kama mtandao wenyewe, na karibu kila hatua unayoambiwa uifuate Wi-Fi inapogoma ilizaliwa siku ambayo watu fulani walikuwa wamekwama kama sisi.

Usiku wa kwanza, tatizo la kwanza

Tarehe 29 Oktoba 1969, kama saa nne na nusu usiku, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), Charley Kline, alikaa mbele ya kompyuta ili kuingia kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Mtandao ulioziunganisha uliitwa ARPANET, na ndio babu wa intaneti. Alitakiwa kuandika neno LOGIN. Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Alipofika kwenye G, kompyuta ya SRI ikaanguka.

Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa kupita kwenye mtandao huo ulikuwa "LO". Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini mimi huvutiwa na jambo lingine. Muda wote ule Kline alikuwa ameshika simu ya kawaida, anaongea na Bill Duvall aliyekuwa upande wa SRI. Kila herufi ilipotumwa, huku mmoja anauliza kama imeonekana, kule mwingine anajibu. Mtandao ulipokwama, hawakuwa na haja ya kubahatisha. Laini ilikuwa nzima, kompyuta ya Los Angeles ilikuwa nzima, iliyoanguka ilikuwa ya upande wa pili. Kama saa moja baadaye walikuwa wamesharekebisha na Kline akaingia vizuri.

Njia huwezi kuipima kwa njia hiyo hiyo iliyokufa. Unahitaji njia nyingine ya pembeni ikuambie upande wa pili kukoje. Nyumbani kwetu njia hiyo ilikuwepo mifukoni mwetu: simu nne, zote na bando, zote na Wi-Fi. Hakuna aliyezitumia kuuliza.

Kwa nini kuzima na kuwasha hufanya kazi, na lini hakufanyi

Ushauri wa "zima, washa" unachekwa, lakini una akili yake. Rauta ni kompyuta ndogo. Inatunza kumbukumbu ya muda: nani ameunganishwa, pakiti ipi ni ya nani, njia ipi inapitika. Ikikaa wiki na wiki, kumbukumbu hiyo inaweza kuchafuka. Ukiizima, kumbukumbu ya muda inafutika na kila kitu kinaanza upya.

Sasa, tarehe 27 Oktoba 1980 ulitokea mkasa ulioonyesha mpaka wa dawa hiyo. Karibu ARPANET nzima ilikwama kwa saa kadhaa. Mashine za kupitisha ujumbe, zilizoitwa IMP, ambazo tunaweza kuziita mababu wa rauta, zilikuwa zinapeana taarifa za hali ya njia. Kila taarifa ilikuwa na namba ya mfuatano kuanzia 0 hadi 63, kisha inarudi 0, kama saa ya ukutani inavyozunguka. Taarifa yenye namba iliyo mbele ndiyo ilihesabiwa mpya, na kila IMP ikipokea mpya huisambaza kwa majirani.

Siku hiyo hitilafu ya vifaa kwenye mashine moja ikadondosha biti kwenye taarifa. Zikazaliwa nakala tatu za taarifa ya mashine moja, zenye namba 44, 40 na 8. Ukizitazama kwa jozi mbili unaona ujanja wa shetani: 44 ni 101100, dondosha biti moja unapata 101000 ambayo ni 40, dondosha nyingine unapata 001000 ambayo ni 8. Na kwenye duara la namba 64, 40 iko mbele ya 8, 44 iko mbele ya 40, na 8, baada ya kuzunguka, iko mbele ya 44. Kila moja ni mpya kuliko mwenzake! Zikawa zinasambazwa bila mwisho, mashine zikashughulika nazo tu na kusahau kazi nyingine zote.

Ukiizima IMP moja na kuiwasha inarudi safi, lakini papo hapo majirani wanaimwagia tena taarifa zile zile. Ilibidi wahandisi waandike kiraka cha programu kinachoziambia mashine zipuuze taarifa zinazotaja chanzo kile, ndipo mtandao ukapumua. Eric Rosen wa kampuni ya BBN aliandika ripoti ya mkasa huo, na hadi leo inafundisha.

Kwa hiyo kuzima na kuwasha kunatibu ugonjwa uliomo kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa unachokizima. Ugonjwa ukiwa kwa jirani, utarudi. Ukiwa umeandikwa kwenye mipangilio ya kudumu, hautaondoka hata uzime mara mia. Namba ya ofisini kwenye laptopu ya yule dada ilikuwa ya aina hii ya mwisho. Tulikuwa tunamnywesha dawa asiyeumwa.

Usiku mmoja wa Desemba 1983

Mike Muuss alikuwa mhandisi kwenye maabara ya jeshi la Marekani ya utafiti wa silaha, Aberdeen, jimbo la Maryland. Desemba 1983 mtandao wa maabara ukaanza vituko. Muuss akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma, Septemba 1981, Jon Postel alikuwa amechapisha itifaki ya ICMP, na ndani yake kulikuwa na ujumbe wa mwangwi. Mashine yoyote ikipokea ujumbe huo, inaurudisha kama ulivyo. Hakukuwa na programu rahisi ya kuutumia kwa kazi hii, basi akaiandika usiku ule. Akaiita ping, kwa kufananisha na mlio wa sona ya nyambizi: unapiga sauti majini, unasikiliza mwangwi, unajua kuna kitu mbele na kiko umbali gani.

Kabla hakujapambazuka programu ilikuwa tayari. Lakini mwenzake alikuwa ameshakigundua na kukitengeneza kifaa kilichoharibika kabla ping ya kwanza haijatumwa! Programu iliyokuja kuwa kipimo cha kwanza cha mtandao duniani ilichelewa kwenye tatizo lililoizaa.

Muuss mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha mtaalamu mmoja wa mtandao aliyeunganisha ping na kifaa cha kutoa sauti, akafungulia spika kwa nguvu, kila mwangwi ukirudi jengo zima linasikia "ping". Kisha akapita chumba hadi chumba akitikisa viungio vya waya. Sauti ilipokatika, alikuwa ameshika kiungio kibovu mkononi. Yaani alifanya kile fundi wetu alichofanya, kugusagusa waya, isipokuwa yeye alikuwa na kitu cha kumjibu.

Wewe pia unaweza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping kisha anwani ya rauta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huwa imebandikwa chini ya rauta. Ikijibu, njia kati yako na rauta ni nzima. Halafu piga ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje huko duniani. Ikijibu, rauta ni nzima na kampuni inayokuuzia intaneti ni nzima. Kuna tahadhari moja: mashine nyingine zimepangwa zisijibu ping kwa sababu za usalama. Jibu ni ushahidi, ukimya peke yake si ushahidi.

Daftari la majina

Mwezi mmoja kabla ya ping, Novemba 1983, Paul Mockapetris alichapisha maelezo ya mfumo mwingine: DNS. Kabla yake, majina yote ya kompyuta za mtandao yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa SRI kwenye kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, unawasiliana na kituo, wanaiandika, na wengine wote wanapakua nakala mpya. Kompyuta zilipoongezeka, daftari moja likawa halitoshi. Mockapetris akaligawa: kila eneo litunze majina yake, na mwulizaji aelekezwe ngazi kwa ngazi hadi kwa anayejua.

Mgawanyo huo ndio uliofanya intaneti iweze kukua. Lakini pia ulileta aina mpya ya ugonjwa: njia ni nzima kabisa, ila majina hayapatikani. Kwa mtumiaji dalili ni ile ile, "intaneti hakuna". Kipimo chake ni rahisi. Kama ping 8.8.8.8 inajibu lakini ping ya jina lolote la tovuti inakataa, tatizo ni DNS.

Jumanne usiku, mwenzetu mwingine aliyesoma mambo haya aliporudi safari, alifanya hivyo tu. Namba ikajibu, jina likakataa. Akafungua mipangilio, akafuta ile namba ya ofisini, akaweka "pata yenyewe". Haikumchukua dakika tano. Rauta mpya ilikuwa bado inanuka plastiki.

Namba zinazoanza na 169.254

Anwani za IP za toleo la nne ni zaidi kidogo ya bilioni 4.29, maana ni biti 32. Mwanzoni zilionekana nyingi mno. Kufika miaka ya mwanzo ya 1990 wahandisi waliona zitaisha, na pia kwamba watu wa kawaida hawawezi kuandika namba hizo kwa mkono kwenye kila kifaa. Majibu matatu ya miaka hiyo ndiyo yanayoendesha sebule yako leo. Mwaka 1993 ikaja DHCP, ambapo kifaa kikiingia kwenye mtandao kinaomba anwani na kupewa. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis wakaeleza NAT, inayowezesha vifaa vingi kutoka nje kwa anwani moja, kama wapangaji wanaotumia sanduku moja la posta. Na mwaka 1996 yakathibitishwa makundi ya anwani za ndani ambazo kila nyumba inaweza kutumia bila kugongana na jirani. Ndiyo maana nusu ya dunia ina rauta inayoitwa 192.168 kitu fulani.

Ukiandika ipconfig kwenye Windows na kuona anwani yako inaanza na 169.254, maana yake kifaa chako kimeomba anwani, kimesubiri, hakikujibiwa, kikajipa chenyewe. Hapo usihangaike na tovuti wala bando. Kifaa hakijafika hata kwa rauta. Angalia waya, angalia nenosiri la Wi-Fi, na hapa ndipo kuzima na kuwasha rauta kunastahili kabisa.

Mbali zaidi ya ukuta wa nyumba

Kuna wakati nyumbani kwako ni kuzima kabisa, na mgonjwa yuko mbali. Oktoba 1986, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zilizoachana kwa yadi 400 hivi, ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilikuwa zinatuma pakiti nyingi kuliko njia inavyobeba, zikipotea zinatumwa tena, msongamano unazidi, kama daladala zote kuingia makutano kwa pamoja taa zikiwa zimezimika. Van Jacobson akasaidia kuzifundisha kompyuta kupunguza mwendo zinapoona pakiti zinapotea. Tiba hiyo, aliyoichapisha mwaka 1988, bado imo kwenye kila simu.

Jacobson huyo huyo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, aliandika traceroute. Kila pakiti hubeba namba ambayo kila rauta inayopitia huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri, pakiti inatupwa, na rauta iliyoitupa humjulisha mtumaji. Jacobson akatuma pakiti yenye 1, ikafia kwa rauta ya kwanza, ikajitambulisha. Yenye 2 ikafia kwa ya pili. Hivyo hivyo hadi mwisho, na njia nzima ikaonekana kituo kwa kituo. Kwenye Windows amri yake ni tracert.

Kwetu Afrika Mashariki vipimo hivi vinasimulia historia yetu pia. Kabla ya 2009 mawasiliano yetu mengi ya intaneti na dunia yalipitia setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu. Pakiti inapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, jumla kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila ping, na hakuna rauta ambayo ingepunguza. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa, ikiwa imetua Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Nusu sekunde ile ikapungua sana.

Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zikapata hitilafu baharini kwa pamoja, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama ile, ping ya rauta inajibu, anwani yako ni sahihi, na pakiti zinafia njiani mbali na mlango wako. Rauta mpya ya elfu tisini isingeunganisha waya ulio chini ya bahari.

Basi, mara nyingine Wi-Fi ikigoma, kabla hujamwita fundi, fuata njia kutoka kwako kwenda nje. Je, kifaa kingine kwenye Wi-Fi hiyo hiyo kinafanya kazi? Kama kinafanya, mgonjwa ni kifaa chako. Je, anwani yako inaanza na namba nyingine, si 169.254? Je, rauta inajibu ping? Je, 8.8.8.8 inajibu? Je, jina linajibu? Swali la kwanza linalopata "hapana" ndilo linalokuonyesha pa kuanzia. Na ukimpigia simu fundi au kampuni yako ya intaneti ukiwa na majibu hayo mkononi, mazungumzo yatakuwa mafupi, na si rahisi mtu kukuuzia kitu usichokihitaji.

Yule dada alifanya usaili wake Jumatano asubuhi, mtandao ukiwa umetulia. Rauta ya zamani, iliyosemwa imechoka, tulimpa mwanafunzi jirani. Mpaka nahama pale, ilikuwa bado inafanya kazi.